Kuota kwa Mbegu si Ushahidi wa Udongo Salama

Mbegu inapofyonza maji, vimeng'enya vyake huvunja wanga uliohifadhiwa ndani na kuugeuza sukari ya kulisha kiinitete. Metali nzito, kama kadimi na risasi, zikizidi katika udongo huzuia kazi hiyo. Mbegu hubaki na akiba ambayo haiwezi kuitumia, ikachelewa kuota au isiote kabisa.

Hata hivyo, ganda la mbegu huzuia sehemu ya sumu. Ndiyo maana katika udongo uliochafuliwa kiasi, mbegu nyingi huota kama kawaida. Kinachoumia kwanza ni mzizi mchanga, ambao hudumaa. Mkulima aonaye bustani imechipua hudhani ardhi ni safi, ilhali mchicha huweza kustawi huku ukikusanya kadimi majanini.

Jambo hili lina uzito katika bonde la Mto Msimbazi, Dar es Salaam, ambako mboga hulimwa kando ya mto upokeao majitaka ya viwanda na makazi. Kadimi hudhuru figo. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Kuosha mboga huondoa vumbi la juu tu, na moto wa jikoni hauharibu metali.

Mgonjwa asiache kula mboga, bali aulize zilikolimwa. Mhudumu wa afya naye, ampatapo mgonjwa wa figo asiye na kisukari wala shinikizo la damu, amuulize bustani yake humwagiliwa maji gani. Usalama wa udongo huthibitishwa na kipimo cha maabara, si na chipukizi.