Mungu wa Wicca ni nani?

Katika duara moja la ibada ya dini ya Wicca wanaweza kusimama watu watatu, wakamwita Mungu wa Kike kwa maneno yale yale, na kila mmoja akawa na imani yake kuhusu huyo anayeitwa. Wa kwanza anaamini ni nafsi hai yenye jina na matakwa yake, kama Isis wa Misri ya kale au Brigid wa Ireland. Wa pili anaona majina hayo yote ni sura za Mungu mmoja asiye na umbo. Wa tatu anaamini mungu ni alama ya nguvu zilizomo katika akili ya binadamu, basi. Ibada itaendelea, watagawana keki na divai, na hakuna atakayetolewa nje.

Msomaji aliyezoea kuona mtu akiingia dini kwa kutamka shahada au kukiri kanuni ya imani atashangaa. Katika Wicca kinachowaunganisha watu ni matendo. Wanachora duara la ibada, wanaziita pande nne za dunia, wanakutana mwezi ukiwa mpevu, na wanaadhimisha sikukuu 8 zinazofuata majira ya Ulaya, zikiwamo Samhain mwishoni mwa Oktoba, ya kuwakumbuka wafu, na Beltane ya tarehe 1 Mei. Wengi wao hujiita wachawi, na kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ambako vikongwe wameuawa kwa kushukiwa tu, neno hilo linatisha. Lakini mwongozo wao unaojulikana zaidi unamtaka mtu asimdhuru yeyote.

Dini yenyewe ni changa. Aliyeitangaza ni Mwingereza Gerald Gardner, ofisa wa forodha aliyefanya kazi katika Malaysia ya leo na kustaafu mwaka 1936. Alidai kwamba mwaka 1939, katika eneo la New Forest, aliingizwa kwenye kundi lililorithi dini ya kale ya Ulaya. Mwaka 1951 Bunge la Uingereza lilifuta sheria ya uchawi ya mwaka 1735, na miaka mitatu baadaye Gardner akatoa kitabu chake *Witchcraft Today*. Mwanahistoria Ronald Hutton wa Chuo Kikuu cha Bristol aliyachunguza madai ya Gardner kwa kina katika kitabu cha mwaka 1999, akaonyesha kwamba Wicca ni zao la karne ya 20, ingawa imechota katika hazina za zamani. Wafuasi wengi walilikubali hilo na wakaendelea kuabudu. Hawakukosea, kwa sababu umri wa ibada hauthibitishi wala haukanushi ukweli wake.

Gardner alifundisha habari za Mungu wa Kike na mwenzake, Mungu mwenye Pembe, mlinzi wa pori na bwana wa mauti. Majina yao yalikuwa siri ya walioingizwa. Juu yao alitaja pia nguvu kuu zaidi, asili ya vyote, iliyo mbali mno na maombi ya binadamu. Kwa hiyo tangu siku za mwanzo mlango wa tafsiri ulikuwa wazi. Doreen Valiente, kuhani wa kike aliyejiunga na Gardner mwaka 1953 na kuandika upya sehemu kubwa ya maneno ya ibada, aliupanua zaidi: katika maandishi yake mashuhuri, Mungu wa Kike anamwelekeza mtafutaji aanzie ndani ya nafsi yake mwenyewe.

Wamarekani wakapita katika mlango huo kwa kishindo. Mwaka 1971, Los Angeles, Zsuzsanna Budapest alianzisha kundi la wanawake pekee lililomwabudu Mungu wa Kike peke yake. Starhawk wa San Francisco, katika kitabu chake cha mwaka 1979, aliona kumuuliza mtu kama anamwamini Mungu wa Kike ni sawa na kumuuliza kama anaamini mawe. Mawe yapo, tunayakanyaga. Na kwake Mungu wa Kike ndiye dunia hii yenyewe.

Uhuru huu una gharama. Wanaoiabudu miungu kama nafsi halisi hulalamika kwamba kuigeuza alama ni kuivunjia heshima. Wanaoiona kuwa alama huwajibu kwamba dini haihitaji miujiza. Wapo pia wafuasi mashoga na wale waliobadili jinsia wanaohoji kwa nini uungu wote ufungwe katika jozi ya mume na mke, na baadhi yao wamezuiwa mlangoni na makundi ya wanawake pekee. Mabishano hayo ni makali, na mtu asiyekuwa na kanuni ya kuegemea hulazimika kusoma, kufikiri na kujitetea mwenyewe. Wanaosema hii ni imani ya wavivu hawajaitazama kwa karibu.

Nje ya Wicca hali inafanana. Nchini Iceland chama cha Ásatrúarfélagið, kinachofuata miungu ya kale ya Ulaya ya Kaskazini, kilitambuliwa na serikali mwaka 1973. Kiongozi wake, Hilmar Örn Hilmarsson, ametamka waziwazi kwamba masimulizi ya mungu Odin na farasi wake mwenye miguu 8 ni lugha ya kishairi. Haamini kwamba yalitokea kama yalivyosimuliwa.

Wicca nayo imepata kutambuliwa. Nchini Marekani, mwaka 1986 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba Wicca ni dini, na mwaka 2007 serikali ikaruhusu alama ya dini hiyo, nyota yenye ncha tano, ichongwe kwenye makaburi ya askari. Katika sensa ya mwaka 2021 ya England na Wales, watu wapatao 74,000 walijiandika kuwa wapagani na wengine wapatao 13,000 wakaandika Wicca. Takwimu hizo hazisemi wanamwabudu nani. Anayetaka kujua hana budi kumuuliza kila mmoja wao, na asikilize jibu lote kabla ya kumhukumu.