Kikombe cha Mtoto Kitangulie Debe la Soko

Mkulima, maziwa yakienda yote sokoni, mtoto hubaki na uji mtupu wa mahindi. Shibe anayo, lakini mwili haujengeki. Mtoto wa namna hii huacha kucheza, hulialia na kukataa chakula. Watu husema ana kiburi au amerogwa. Sivyo, huenda ni mgonjwa.

Daktari Cicely Williams aliwaona watoto kama hao huko Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Mwaka 1935 aliandika jina la ugonjwa wao kwa lugha ya Kiga: kwashiorkor, yaani ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa ziwa kwa kuja mdogo wake. Miguu huvimba, nywele hupauka.

Kinga iko shambani mwako. Mtoto anyonye hadi miaka 2 au zaidi, na tangu miezi 6 aongezewe chakula laini. Tia maziwa yaliyochemshwa katika uji wake. Ugali uende na maharagwe yaliyopondwa, yai au omena.

Miguu ikivimba, usingoje: mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Na kila asubuhi, kabla ya kupima maziwa ya kuuza, toa kwanza kikombe cha mtoto.