Vali ya Kutengenezwa Moyoni: Mbona Dawa Haiachwi?

Vijijini mwetu wako watu, wengine vijana, waliowekewa vali ya kutengenezwa moyoni. Vali ni mlango mdogo unaopitisha damu upande mmoja tu. Mara nyingi shida ilianza utotoni: koo liliuma, halikutibiwa, ikafuata homa ya rumatiki iliyoharibu vali. Baada ya upasuaji jamaa huuliza, "Si umepona? Dawa za kila siku za nini?"

Jibu liko ndani ya damu. Milimita moja ya ujazo ya damu ina chembe sahani kati ya 150,000 na 400,000. Hizi ni walinzi. Ukijikata na panga, hukimbilia kidonda, hushikana na kuita nyingine, kisha nyuzi za protini huzifunga kama wavu. Damu inaganda.

Mshipa mzima una utando unaozituliza. Vali ya kaboni na chuma haina utando huo. Damu ikiigusa, protini hunata juu yake, na chembe sahani hudhani hapo pana kidonda. Huanza kukusanyika. Bonge likikwamisha vali, moyo hushindwa kazi. Likichomoka likafika ubongoni, mtu hupooza. Kidonda hupona, lakini vali hiyo hukaa mle ndani siku zote. Ndiyo maana dawa ya warfarini, inayopunguza kuganda kwa damu, ni ya maisha.

Mambo ya kukumbuka:

1. Usiache dawa kwa sababu unajisikia vizuri.
2. Pimwa damu (kipimo cha INR) kila unapoagizwa. Dawa ikiwa kidogo damu huganda, ikizidi huvuja.
3. Sukuma wiki na kunde zina vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya dawa. Usiziache, kula kiasi kilekile kila wiki.
4. Usimeze aspirini, dawa za maumivu za dukani wala miti shamba kabla ya kumwuliza daktari.
5. Mama anayetaka mtoto amwone daktari kabla ya kushika mimba. Warfarini yaweza kumdhuru mtoto tumboni, lakini kuiacha kienyeji kwaweza kumwua mama.

Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, pumzi ikikatika ghafla au choo kikiwa cheusi, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Kikundi chaweza kusaidia: tengeni nauli ya mwenzenu ya kwenda kupimwa. Na mtoto mwenye koo linalouma apelekwe zahanati mapema.