Kabla ya Kumwita Mtu Mwizi, Tufunge Hesabu

Jioni mifugo inaporudi nyumbani huko Ngorongoro, mfugaji husimama mlangoni pa zizi. Humtazama kila mnyama anayeingia. Akikosekana mbuzi mmoja, anajua palepale. Hangoji mwezi uishe. Kutafuta huanza jioni ileile.

Je, sisi hela zetu tunazihesabu hivyo? Wengi wetu bado. Tunauza, tunanunua, tunakopa, tunalipa. Mwezi wa Desemba ukifika tunafungua sanduku na kushtuka. Hela hazitoshi! Hapo ndipo maneno yanapoanza. Mume anamshuku mke. Mama anamshuku mtoto. Wanakikundi wanamshuku mweka hazina.

Siku hizi wengi tuna programu za hesabu katika simu. Ni vyombo vizuri. Lakini nazo zinaweza kutuletea ugomvi tusipojua kuzitumia. Tuchukue mfano.

MAMA NA BINTI

Tuseme yuko mama mmoja pale Karatu mjini. Hununua vitunguu kwa wakulima wa Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, na kuviuza sokoni. Binti wa mdogo wake anamsaidia kuuza. Binti huyo ameweka programu ya hesabu katika simu, naye ndiye anayeandika.

Desemba 31 vitunguu vyote vimeuzwa. Binti anabonyeza simu. Simu inasema: Faida ya mwaka ni shilingi 2,300,000.

Mama anafurahi sana. Anafungua sanduku, anahesabu noti. Anatazama na salio la simu. Hela zote pamoja ni shilingi 620,000 tu.

"Mwanangu," anauliza mama, "hela nyingine iko wapi?"

"Mama mkubwa, mimi sijachukua hata senti moja!"

"Basi imekwenda wapi? Simu yako mwenyewe imesema milioni mbili na laki tatu."

Binti analia. Mama anataka kumrudisha kwao kesho yake. Pengo ni shilingi 1,680,000, si hela ndogo.

Je, mwizi ni nani? Ndugu wasomaji, hapa hakuna mwizi. Iko hesabu ambayo haijafungwa.

SIMU INAJUA NINI?

Simu inajua kujumlisha na kutoa. Kazi hiyo inaifanya upesi kuliko mtu yeyote. Lakini simu haikuwapo sokoni. Haijui kama shilingi uliyoiandika ni ya mauzo, ya mkopo au ya zawadi. Inajua kile ulichoiambia tu. Ukiiambia uongo bila kukusudia, itaujumlisha uongo huo vizuri kabisa.

Tuangalie binti aliiambia nini.

Kosa la kwanza ni mkopo. Mwezi wa Machi mama alikopa shilingi 500,000 katika kikundi. Binti aliziandika mahali pa mapato. Lakini mkopo si mapato. Mkopo ni hela ya watu, na itarudi kwao.

Kosa la pili ni kuhamisha hela. Mara kadhaa mama alitoa hela sandukuni akaziweka katika simu kwa wakala. Jumla yake ilikuwa shilingi 400,000. Kila mara simu ilipopokea, binti aliandika "hela imeingia". Kumbe hela hiyo ilikuwa ya mama tangu mwanzo, na ilikwisha kuandikwa siku vitunguu vilipouzwa. Ukiwatoa mbuzi zizi hili ukawatia zizi lile, je, mbuzi wameongezeka? Hawajaongezeka.

Sasa tuondoe makosa hayo mawili:

Faida iliyoonyeshwa na simu: 2,300,000
Toa mkopo: 500,000
Toa hela iliyohamishwa: 400,000
Faida ya kweli: 1,400,000

Faida hiyo ndiyo ya kweli. Mauzo yote ya mwaka yalikuwa 5,000,000. Kununua vitunguu, magunia, usafiri, ushuru na riba ya mkopo vilikula 3,600,000. Inabaki 1,400,000.

MBONA SANDUKUNI KUNA 620,000 TU?

Swali zuri. Faida si sawa na hela iliyoko mkononi. Mtu anaweza kupata faida na mfuko ukawa mtupu.

Mama na binti walitafuta karatasi zote. Walitazama kitabu cha mama cha kikundi, risiti za ada ya shule, na orodha ya miamala ya simu. Tena binti alikuwa na desturi nzuri. Nyuma ya daftari la duka alikuwa akiandika: "Mama mkubwa kachukua 10,000 ya nyumbani." Kurasa tatu zilikuwa zimejaa.

Wakaandika hivi:

Hela iliyokuwapo Januari 1, sandukuni na katika simu: 120,000
Ongeza mauzo yaliyolipwa: 4,800,000
Ongeza mkopo: 500,000
Jumla: 5,420,000

Toa matumizi ya biashara: 3,600,000
Toa mkopo uliorudishwa: 300,000
Toa hela ya nyumbani, yaani ada, chakula na matibabu: 900,000
Inabaki: 620,000

Hesabu imefungwa! Hakuna shilingi iliyopotea. Wateja wawili bado wanadaiwa 200,000, ndiyo maana mauzo yaliyolipwa ni 4,800,000 na si 5,000,000. Na ile 900,000 aliichukua nani? Aliichukua mama mwenyewe, kidogo kidogo, mwaka mzima. Hakufanya vibaya, maana biashara ni ya kulisha nyumba. Ila alisahau, na kusahau kwake kulitaka kumharibia binti jina.

HATUA ZA KUFUNGA MWAKA

Ukiwa na daftari au ukiwa na programu, hatua ni zilezile.

1. Andika ulichoanza nacho. Mfugaji aliyeanza Januari na mbuzi 40 hawezi kuanza hesabu na sifuri. Programu nyingi zina mahali pa kuandika salio la mwanzo. Usiparuke.

2. Hesabu kwa macho na mikono. Hela ya sandukuni, salio la simu, salio la benki kama unayo, na mali iliyobaki ghalani. Hesabuni watu wawili, siku ileile.

3. Linganisha. Tumrudie mfugaji. Alikuwa na mbuzi 40. Wamezaliwa 18, ameuza 12, wamekufa 5, amechinja 3. Lazima wawe 38. Wakiwa 38 zizini, hesabu imefungwa. Wakiwa 36, wawili watafutwe. Hela nayo ni hivyohivyo.

4. Orodhesha madeni. Nani unamdai? Nani anakudai? Andika jina, kiasi na tarehe.

5. Tenganisha hela ya biashara na hela ya nyumbani. Ukichukua hela ya sukari, andika. Hata kama duka ni lako!

6. Nakili jumla zote katika daftari la karatasi. Simu huibwa, huanguka majini, huharibika. Programu iwe na nakala ya akiba mahali pengine, na jumla za kila mwezi ziwe katika daftari. Karatasi haiishiwi chaji.

FAIDA YAKE KATIKA KODI

Wengine husema, "Nikiandika hesabu, watu wa kodi watanila." Tuone kama ni kweli.

Katika viwango vya wafanyabiashara wadogo vilivyowekwa mwaka 2019, mauzo yasiyozidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka hayakutozwa kodi ya mapato. Mwenye mauzo yaliyozidi 4,000,000 hadi 7,000,000, na asiye na kumbukumbu, alitozwa shilingi 100,000. Lakini mwenye kumbukumbu alitozwa asilimia 3 ya kile kilichozidi 4,000,000.

Mama wetu aliuza vitu vya shilingi 5,000,000. Kwa viwango hivyo, bila daftari angelipa 100,000. Akiwa na daftari, ni asilimia 3 ya 1,000,000, yaani shilingi 30,000. Daftari limemwokolea shilingi 70,000! Viwango hubadilika, kwa hiyo kila mwaka tuulize ofisi ya TRA. Na Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe kwa muda usiopungua miaka 5. Basi tusifungie maandazi daftari la mwaka jana.

TUKIKWAMA, TUOMBE MSAADA

Kuuliza si ujinga. Lakini kuna namna ya kuuliza.

Ukimwambia mtu, "Simu yangu imeharibu hesabu," hawezi kukusaidia. Mwambie mambo matatu: ulifanya nini, ulitegemea nini, na kimetokea nini. Kwa mfano: "Niliandika mauzo ya 50,000. Nilitegemea jumla iwe 350,000. Imekuja 800,000." Msaidizi ataona mara moja kwamba uliongeza sifuri moja.

Kabla ya kwenda, jikague mwenyewe. Je, sifuri ziko sawa? Je, kitu kimoja hakikuandikwa mara mbili? Je, tarehe ya simu ni sahihi? Tarehe ikikosewa, mauzo ya Desemba yatakwenda mwaka mwingine, nawe utayatafuta hadi uchoke.

Nani wa kumwendea? Kijana aliyesoma biashara shuleni anaweza kukuonyesha programu. Mwanachama wa SACCOS amwone mhasibu wa chama chake. Wanakikundi wamwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Mwenye jambo la kodi aende TRA. Nenda na daftari na risiti, usiende na simu peke yake.

Jambo moja ni mwiko. Msaidizi asipewe namba ya siri ya hela zako. Namba hiyo ni ufunguo wa sanduku. Anayekufundisha kuhesabu hahitaji ufunguo. Akiiomba, chukua simu yako, sema asante, ondoka.

VIKUNDI NAVYO VISISAHAU

Wengi wetu tumo katika vikundi vya kuweka na kukopa, na mwisho wa mzunguko tunagawana. Sanduku la vikundi vingi lina kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti. Kwa nini? Ili mtu mmoja asilifungue peke yake, na pia ili mtu mmoja asilaumiwe peke yake.

Sasa katika vikundi vingine hesabu zimehamia katika simu ya katibu. Sanduku lina kufuli tatu, lakini hesabu ina mtu mmoja! Simu hiyo ikipotea wiki moja kabla ya kugawana, itakuwaje? Tuendelee na desturi ya zamani. Katika kila mkutano, kiasi kilichomo kisomwe kwa sauti, kila mtu asikie. Kila mwanachama awe na kitabu chake cha hisa. Programu isaidie kujumlisha, lakini isichukue nafasi ya macho na masikio ya wanachama.

Ndugu wasomaji, sisi tuliojifunza kusoma na kuandika tukiwa watu wazima tunajua thamani ya kalamu. Kalamu ndiyo iliyomwokoa yule binti. Kurasa tatu za nyuma ya daftari zilimtetea kuliko machozi yake. Mama alimwambia, "Mwanangu, nisamehe." Januari wakaanza daftari jipya, na mstari wa kwanza ukaandikwa: Salio la mwanzo, 620,000.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mkopo si mapato?
2. Mfugaji alianza mwaka na ng'ombe 25. Wamezaliwa 7, ameuza 4, wamekufa 2. Zizini wako 25. Je, hesabu imefungwa?
3. Katika kikundi chenu, simu ya katibu ikipotea leo, mtajua kila mtu ana hisa ngapi?
4. Wiki hii umechukua hela ngapi za biashara kwa matumizi ya nyumbani? Uliziandika wapi?