Cheti cha RH: kitatufaa nini sisi wamama wa Goma?



Jumamosi iliyopita, baada ya kufunga kisanduku cha AVEC, mama mmoja wa Ndosho alibaki nyuma akatuuliza: «Ninyi walimu, niambieni ukweli. Nikilipa pesa nisome RH, nitapata kazi, ama nitakuwa nimekula minervali ya watoto bure?»

Hatukumjibu siku ile. Swali lake ni zito, na katika mji huu kila mtu ana ndugu aliyelipia cheti akakitundika ukutani, kisha akarudi kuuza makala. Leo tunajaribu kumjibu, na kuwajibu wote wanaojiuliza kama yeye.

RH ni kazi gani?

RH, yaani rasilimali watu, ni kazi ya kuwasimamia wafanyakazi: kutangaza nafasi, kuchagua watu bila upendeleo, kuandika mikataba, kutunza mafaili, kuhesabu siku za likizo, kutayarisha mishahara, kusikiliza malalamiko. Mama aliyekuwa mwandishi wa kikundi cha AVEC anajua tayari nusu ya kazi hiyo. Anajua kwamba daftari halidanganyi, na kwamba jambo lisiloandikwa huleta ugomvi.

Kazi hii ilianza mikononi mwa wanawake. Mwaka 1896, huko York, Uingereza, kiwanda cha chokoleti cha Rowntree kilimwajiri mwanamke aitwaye Mary Wood aangalie maisha ya wasichana waliofanya kazi mle ndani. Mwaka 1913 watu wa kazi kama yake, wengi wao wanawake, wakaunda chama chao. Chama hicho ndicho leo kinaitwa CIPD, na vyeti vyake vinajulikana dunia nzima. Kwa hiyo mtu akikuambia RH ni kazi ya wanaume wenye tai, mkumbushe Mary Wood.

Mlango uliofunguliwa 2016

Kwetu Kongo, mama zetu walikuwa na kizuizi kingine. Sheria ya familia ya 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume kabla ya kujifunga kwa mkataba wa kazi. Tarehe 15 Julai 2016 zilitolewa sheria tatu siku moja: moja ilirekebisha sheria ya familia na kuiondoa ruhusa hiyo, ya pili ilibadili mambo ya akiba ya jamii, na baadaye INSS ikawa CNSS, na ya tatu ilirekebisha Code du travail ya 2002. Kuongea na mume nyumbani ni jambo jema, na sisi hufanya hivyo. Ila mwajiri hana haki tena ya kukuuliza karatasi yake.

Yaliyotupata sisi

Mwaka 2023 tulikuwa walimu wanne, wote watoto wa ISP, tukiishi kwa prime isiyotimia. Mmoja wetu aliacha chaki akaingia shirika moja kama mwandishi wa ofisi. Bila kuambiwa rasmi, alianza kufanya kazi ya RH: mafaili, likizo, orodha ya mishahara. Nafasi ya RH ilipotangazwa, aliomba. Walimjibu kwamba hana cheti. Aliyechukuliwa ndiye aliyefundishwa kazi na huyo huyo mwenzetu.

Siku ile alilia. Jumamosi iliyofuata alikuja na Code du travail iliyochapishwa, kurasa zimekunjwa pembe, akasema: «Tusome.» Tukaanza kukutana nyumbani kwa mmoja wetu huko Katindo, baada ya kufua. Kila mmoja alisoma vifungu vyake juma zima, kisha akatufundisha wengine kama tunavyofundisha darasani. Mega za intaneti tulizichanga. Mtoto akilia, masomo husimama, hunyonya, tunaendelea.

Haya ni machache tuliyojifunza, nayo yanamhusu kila mama mwenye mwajiri:

Mkataba usioandikwa huhesabiwa kuwa wa muda usio na mwisho, mpaka uthibitishwe vinginevyo. Muda wa majaribio haupiti miezi 6, na kwa mtu asiye na utaalamu haupiti mwezi 1.

Likizo ya uzazi ni wiki 14 mfululizo, na mama hupata theluthi mbili za mshahara wake. Mimba si sababu ya kumfukuza mtu kazini.

Anayenyonyesha ana haki ya mapumziko mawili kwa siku, nusu saa kila moja, na saa hizo zinalipwa.

Kazi ikiisha, kwa sababu yoyote ile, mwajiri lazima atoe hati inayoonyesha kazi uliyofanya, ulianza lini, uliisha lini, na namba yako ya akiba ya jamii. Haruhusiwi kuongeza neno lingine. Hati hiyo itoke kabla ya siku mbili za kazi kupita.

Hili la mwisho lishikeni. Mwisho wa Januari 2025 vita viliingia mjini, benki zikafungwa, na mashirika mengi yakapunguza watu au yakaondoka. Shirika la mwenzetu lilifunga ofisi yake majuma machache baadaye. Wakubwa walikuwa wanafunga mabegi. Yeye aliingia na Code mkononi, na hati 11 alizokwisha kuziandika mwenyewe, za walinzi, madereva na mama wawili wa usafi, zilizobaki kutiwa sahihi tu. Akasema kwa heshima: «Chef, kifungu cha 79.» Zilitiwa sahihi zote jioni ile.

Mmoja wa wale mama wa usafi amepata kazi nyingine, na kitu cha kwanza alichoombwa kilikuwa hati ile. Mwenzetu naye sasa anatunza mafaili ya wafanyakazi katika kituo kimoja cha afya. Mshahara ni nusu ya ule wa zamani. Hatutaficha hilo.

Njia zilizopo

Njia ndefu ni chuo. Hapa mjini tuna ISIG na ISC kwa mambo ya uongozi na biashara, na Chuo Kikuu cha Goma. Ni miaka, na ni minervali kila mwaka, lakini matangazo mengi ya kazi huanza kwa kuuliza diplome. INPP nayo, taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi iliyoundwa 1964, iko hapa. Nendeni muulize ni mafunzo gani mafupi yanayofunguliwa na kwa bei gani.

Njia ya pili ni vyeti vya kimataifa. HRCI ya Marekani ina kiitwacho aPHR, kwa wanaoanza, hakidai uzoefu wa kazi. Angalieni vizuri: aPHR ina maswali ya sheria za Marekani. Kwa walio nje kuna aPHRi. SHRM na CIPD nao wana vyao. Tatizo ni mawili: Kiingereza, na bei. Mtihani mmoja unaweza kula mamia ya dola, na vyeti vya HRCI na SHRM huhuishwa kila baada ya miaka mitatu. Kwa majirani zetu wa Kenya, sheria ya 2012 imeiweka kazi hii chini ya chama cha IHRM chenye kusajili watu, na kuna mitihani iitwayo CHRP. Mwenye ndoto ya kufanya kazi Nairobi aanzie huko.

Njia ya tatu ndiyo tuliyoanza nayo sisi: masomo ya bure ya intaneti. DisasterReady na Kaya ni kwa ajili ya watu wa mashirika ya misaada, wana masomo kwa Kifaransa, na hutoa vyeti vya kumaliza. Havilingani na diplome. Lakini vinaonyesha kwamba unajua lugha ya kazi, na havikugharimu isipokuwa mega na usingizi.

Jihadharini

Anayekuuzia cheti kwa WhatsApp bila masomo wala mtihani, anakuuzia karatasi. Anayesema «lipa dola 50 nikuingize kazini» ni mwizi, hata akiwa na badge shingoni. Kabla ya kulipa popote, uliza mambo matatu: nani anakitambua cheti hiki, mtihani unafanyika wapi, na nikishindwa narudiaje?

Jibu letu kwa mama wa Ndosho

Mama, usiuze kiwanja wala usile minervali ya watoto kwa ajili ya cheti cha mbali. Anza na cha bure. Soma Code. Omba staji mahali penye mafaili, hata shuleni au kituo cha afya, na udai hati ukimaliza. Ukiona baada ya miezi sita kwamba kazi hii unaipenda na unaiweza, hapo tuketi na kikundi tuhesabu pamoja kama AVEC inaweza kukukopesha ya mtihani.

Hatuwezi kukuahidi kazi. Kazi hapa Goma leo ni chache, na sisi wenyewe tunajua. Tunachokuahidi ni kwamba utakachokijua hakitakutoka, na siku mwajiri atakapotaka kukuondoa mikono mitupu, utajua cha kumwambia.

Nakala yetu ya Code iko kwa mwandishi wa kikundi. Atakayeitaka aje Jumamosi na kalamu. Na mtoto, kama yupo, aje naye.