Kamera nyepesi ya kwenda nayo Ruangwa? Pima lenzi kwanza

Uzito wa kamera huwezi kuujua ukiwa dukani Kariakoo. Panda basi la Kusini alfajiri, pita Nangurukuru, pita Mingoyo, kata kona Nanganga uingie Ruangwa kuwaona Namungo. Kesho yake chukua bodaboda uende Nachingwea kuangalia ndondo. Begi likikaa mgongoni safari yote hiyo, utazijua gramu moja moja.

Ndiyo maana sisi tunaoandika mechi na kupiga picha wenyewe tunazitolea macho hizi kamera ndogo za fulu-fremu. Fulu-fremu maana yake sensa ina milimita 36 kwa 24, sawa na picha moja ya ule mkanda wa zamani. Canon EOS-1D X Mark III, mashine ya wakubwa, ina gramu 1,440 ikiwa na betri na kadi. Sony A7C iliyotoka 2020 ina 509. Canon R8 ya 2023 ina 461. Yaani theluthi ya mzigo, na ukubwa wa sensa ni uleule.

Hapo ndipo watu wanapopigwa chenga. Bodi imepungua, lenzi je? Zumu ya Canon RF 70-200 yenye f/2.8 ina gramu 1,070, zaidi ya mara mbili ya R8 yenyewe. Wenye haraka wanakimbilia RF 100-400, gramu 635, bei ya kistaarabu, inafika mbali. Tatizo ni kwamba ukiivuta hadi 400 inabaki f/8, na mwanga unaoingia ni moja ya nane ya ule wa f/2.8. Saa 9 alasiri hutaona shida. Lakini mechi ya saa 10 inamalizika karibu na saa 12, na Juni na Julai jua la kule linazama muda mfupi tu baada ya hapo. Ukitaka kuganda mpira hewani unahitaji shata ya 1/1000. Pale ambapo f/2.8 ingekuomba ISO 1,600, hii ya f/8 inakuomba 12,800. Na penalti huwa zinapigwa muda huo!

Mimi ningechukua RF 70-200 ya f/4, gramu 695. Ukiiweka kwenye R8 jumla ni gramu 1,156, bado ni nyepesi kuliko ile 1D X tupu isiyo na lenzi. Afadhali ubane pesa kwenye bodi, hata ikiwa imetumika, kuliko kwenye lenzi.

Kuna mtu atasema 200 ni fupi. Ni fupi ukikaa katikati ya uwanja. Nenda nyuma ya mstari wa goli, pembeni kidogo ya nguzo. Mchezaji aliye kwenye mstari wa boksi, mita 16.5 kutoka golini, anajaa fremu kuanzia viatu hadi nywele. Akiwa mita 50 anachukua chini ya theluthi ya picha, huyo mwache aje. Viwanja vingi vya ndondo havina uzio wa kukuzuia, omba tu ruhusa kwa mwamuzi na usimsumbue kipa.

Angalia pia jua lilipo. Likiwa nyuma ya wachezaji, nyuso zetu hizi nyeusi zinageuka kivuli kitupu. Kaa jua likiwa mgongoni kwako, na kama haiwezekani ongeza mwanga kidogo kwenye kamera, hata kama anga litaungua. Msomaji anataka kumwona mfungaji, mawingu hayamhusu.

R8 inajisifu kwa picha 40 kwa sekunde. Hizo ni za shata ya kielektroniki, na mpira ulioshindiliwa unaweza kutoka umbo la yai. Rudi kwenye shata ya kawaida, picha 6 kwa sekunde zinatosha ukiujua mpira. A7C inatoa 10, na betri yake ni kubwa zaidi. Ya R8 ni ndogo, beba tatu. Zote mbili zinachajiwa kwa waya wa USB, kwa hiyo pawabenki inakuokoa. Zote zina nafasi ya kadi moja tu, basi mapumziko tuma picha kwenye simu kwa Waifai. Lenzi badilishia gesti, vumbi la kiangazi halina urafiki na sensa.

Nachingwea wanajua habari ya vifaa. Waingereza walileta mitambo mizito ya kulima karanga pale miaka ya 1940 kabla ya kuielewa ardhi na mvua yake, na mpango ukafa.

Kwa nini tuhangaike hivi? Namungo walicheza fainali ya Kombe la FA na Simba kule Sumbawanga Agosti 2, 2020, wakafungwa 2-1, kisha wakafika makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Siku hizo kamera zilikuwa nyingi. Timu inapokuwa madaraja ya chini, kumbukumbu yake ni yule mmoja aliyekuja na kamera. Na beki wa ndondo Nachingwea anayetaka kocha wa Dar amtazame, mkononi ana picha ya simu iliyopigwa kutoka mbali, namba ya jezi haisomeki.

Msimu wa ndondo ukianza, mtanikuta nyuma ya goli.