Je, Wajua? Kibao Kikuukuu cha Namba ya Gari Si cha Kutupa Ovyo

Je, wajua kwamba nchini Tanzania namba ya usajili hulifuata gari, si mwenye gari? Lori likiuzwa Sirari, wilayani Tarime, na kuhamia Mugumu, Serengeti, huenda na namba yake ileile.

Ndiyo maana kibao cha namba cha zamani ni cha kuogopwa. Mhalifu akikiokota jalalani anaweza kukifunga kwenye gari la wizi, kisha polisi wakamsaka asiyehusika kabisa. Kikipotea, kituo cha polisi kiarifiwe mapema. Gari likifa, Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) iulizwe kwanza, kabla ya kumwendea mnunuzi wa chuma chakavu.

TRA ikiruhusu kibao kiyeyushwe, kazi si ngumu: vibao vingi ni vya alumini, ambayo huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 za Selsiasi. Tanuri la mkaa la mafundi wanaosubu sufuria hufikia joto hilo. Na kuyeyusha alumini kuukuu hutumia takriban asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kuzalisha mpya.